Kilio cha Wankyo

Mwalimu Clementi Wanzagi alikuwa na maneno ya wimbo tangu Kwaresima, lakini sauti ya kiitikio ilikataa kuja.

Maneno yenyewe aliandikiwa na katekista Kasmiri, mtu mwembamba mwenye mvi, aliyeimba besi katika kwaya ya parokia yao kule Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma. Yalimhusu msafiri anayerudi kwao amechoka, anabisha hodi, hajui kama watamfungulia. Clementi, ambaye mchana alifundisha darasa la tano na jioni aliifundisha kwaya, alizipatia beti zote sauti bila taabu. Kilichobaki ni kiitikio, pale msafiri anapoita, na bila kiitikio hapakuwa na wimbo. Mavuno ya pamba yakiisha, kwaya zote zingekutana Bunda kushindana, na kwaya ya Buhare ilikuwa imezoea kurudi mikono mitupu.

Alijaribu kila njia aliyoijua. Aliamka alfajiri kabla jogoo hajawika, akakaa mbele ya kinanda cha kanisa ambacho viriba vyake vya kusukumia hewa vilikuwa vimechanika na kuzibwa kwa gundi ya baiskeli. Alifunga kula. Alitembea peke yake kando ya ziwa akivuma puani mpaka wavuvi wakamzoea. Kila sauti aliyoileta mazoezini ilikuwa na mwenyewe tayari. Moja ilikuwa ya wamisionari. Nyingine aliyoiamini kabisa, mke wake Dafroza, aliyeongoza sauti ya kwanza, alimkatiza katikati.

"Hiyo ni ile ya mchakamchaka," alisema. "Umeivalisha kanzu tu."

Kwaya ilicheka, na yeye akacheka nao, lakini usiku ule hakula.

Wakati huo sukari ilikuwa haionekani dukani. Iliyokuwepo ilipitishwa kwa siri mpakani Sirari, na aliyeipata aliifukia chini ya mahindi, kwa sababu wahujumu uchumi walikuwa wakisakwa nyumba hadi nyumba. Hata hivyo akina mama wa sauti ya pili walichangishana. Huyu alileta vijiko viwili ndani ya karatasi, yule kimoja na nusu ndani ya kitambaa, wakampelekea Dafroza wakisema mwalimu anywe chai, akili imchangamke. Clementi aliinywa ile chai jioni baada ya jioni mpaka sukari ikaisha. Hakikuja kitu. Siku za mazoezi wale akina mama walipomtazama usoni kwa matumaini, yeye alitazama sakafu. Alijiona kama mtu aliyepewa mbegu akapande, akaila.

Ndipo habari ya Makongoro ikafika.

Makongoro alikuwa kaka yake mkubwa, mkulima wa pamba na mtama kwao Butiama. Ndiye aliyeacha shule ili Clementi asome, akachunga ng'ombe wa baba mpaka mdogo wake akatoka chuo cha ualimu na kaptula zake zilizopigwa pasi. Dereva wa lori la pamba ndiye aliyeleta ujumbe: malaria imempanda kichwani, dawa hazipo, njooni. Clementi na Dafroza walipopata nafasi juu ya lori lingine na kufika Butiama, walikuta watu wamekaa uani na wanaume wamekwisha kuanza kuchimba.

Walizika alasiri iliyofuata. Ardhi ya pale ina mawe, na sururu zilipiga cheche tangu asubuhi. Sanda haikupatikana. Mwaka ule watu wengi walizikwa na walichokuwa wakijifunika, na Makongoro alifungwa ndani ya blanketi lake la kijivu, lililokuwa na tundu upande mmoja. Clementi alilitambua lile blanketi. Walijifunika nalo pamoja utotoni.

Mjane, Wankyo, hakuwa amelia. Tangu mume wake akate roho alikaa kimya, macho makavu, mpaka wanawake wakaanza kuogopa na kumkanda mabega. Alisimama ukingoni mwa kaburi akiwa ameshikwa huku na huku. Katekista wa pale alimaliza sala, akaokota udongo, akautupa. Clementi naye alikuwa amechota wake, anangoja zamu.

Udongo wa kwanza ulipogonga blanketi, Wankyo alilia.

Aliita jina la mume wake. Sauti ilianza juu, ikashuka ngazi tatu polepole, ikatulia pale chini kana kwamba imekwisha, kisha ikaruka juu ghafla kuliko ilikoanzia, ikabaki inaning'inia, kama mtu aliyeuliza swali na kungoja. Halafu akaanguka magotini na kilio kikawa kilio tu, kama cha watu wote.

Clementi aliisikia ile sauti, na ndani ya kichwa chake kiitikio kikasimama. Hakikuja kipande kwa kipande. Kilizaliwa kama mtoto anavyozaliwa, na vidole vyake vyote: sauti ya kwanza ikishuka zile ngazi, ya pili ikiifuata nyuma kwa kuchelewa kidogo, ya tatu ikishikilia noti moja, besi ikiingia pale chini palipotulia, na zote nne zikiruka pamoja mwishoni. Maneno ya Kasmiri yaliingia mle kama mguu katika kiatu chake. Miezi yote ile ya kuhangaika iliondoka mabegani mwake kwa pumzi moja, na kabla hajajua anafanya nini, alitabasamu.

Haikuwa mdomo tu. Uso wake wote ulifunguka. Kidole chake kikaanza kupiga mapigo pajani.

Kisha hofu ikamshika, na haikuwa hofu ya watu. Aliogopa kuisahau ile sauti. Kelele za msiba zilikuwa zinapanda, wanawake wote sasa wanalia, na kila kilio kilikuwa kinagusagusa kile kiitikio na kutaka kukipotosha. Clementi aligeuka. Aliwapenya waliosimama nyuma yake, akapita uani, akaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, na pale, akiwa amebana paji la uso kwenye mti wa boma, alikiimba kiitikio kwa noti zake, so, fa, mi, kwa sauti ya chini, tena na tena, mpaka alipokuwa na hakika kwamba kimekaa.

Aliporudi, kaburi lilikuwa limefukiwa. Wanaume walikuwa wanapigilia udongo kwa visigino vya majembe. Ndipo alipohisi kitu mkononi, akafungua kiganja: udongo wake ulikuwa bado umo, umelowa jasho, umekuwa donge. Hakuwa amemzika kaka yake.

Shangazi yake Justina, mwanamke asiyezunguka maneno, alikuwa anamtazama.

"Clementi," alisema, "ulikuwa unacheka."

Clementi alisema tumbo lilikuwa limemkata, ndiyo maana uso ulikunjamana, ndiyo maana aliondoka. Alisikia jinsi uongo ule ulivyotoka kwa urahisi, na aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Aliutupa udongo juu ya kaburi pale mtu asipoona, lakini ulikuwa donge, ukabingirika ukaanguka pembeni.

Walipoanua matanga na kurudi Musoma, aliazimia kuuacha wimbo ule. Alikaa tena mbele ya kinanda na kutafuta kiitikio kingine. Lakini mtu akishaonja asali hawezi kujidanganya kwa maji ya miwa. Kila alichokitunga sasa kilikuwa cha mbao. Siku za kwenda Bunda zilikuwa zinakaribia, akina mama wa sauti ya pili walikuwa wanamtazama, na jioni moja alijikuta anawafundisha.

Waliuimba mara ya kwanza kwa sauti zote nne. Kasmiri alivua miwani yake akaifuta kwa shati. Mama mmoja alitoka nje kupenga kamasi.

"Mwalimu," Kasmiri aliuliza, "imekujaje hii?"

Macho yote yalikuwa kwake. Clementi alisema ilikuja katika maombi. Alikuwa anasali, ikashuka.

Nyumbani Dafroza alishika kazi za jioni. Alikuwa anaosha vyombo kwa majivu, kwani sabuni haikuwepo, na alikuwa anavuma kile kiitikio bila kujijua. Akaacha.

"Huu nilikuwaga nimeusikia wapi?" aliuliza.

"Hujausikia popote," Clementi alijibu, haraka mno.

Dafroza alimtazama kidogo, kisha akaendelea kusugua sufuria.

Habari ya wimbo ulioshuka katika maombi ilitangulia Bunda kabla ya kwaya yenyewe. Walipofika kule, asubuhi ya mashindano, padri aliyesimamia shughuli aliwakusanya walimu wa kwaya ndani ya darasa moja, akamwomba Clementi awaeleze wenzake jinsi mtu anavyoweza kupata wimbo kama ule. Clementi hakuwa amejiandaa. Alisimama mbele yao akasema juu ya kufunga, juu ya kuamka alfajiri, juu ya kuusafisha moyo. Alisema mambo yote aliyoyafanya bila kupata kitu. Kijana mmoja aitwaye Mniko, mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Manyamanyama, alikuwa anaandika kila neno, na alipoinua kichwa macho yake yalikuwa na imani kama ya mtoto. Clementi alilazimika kugeukia ubao na kufuta maandishi ambayo hayakumsumbua mtu.

Mchana kwaya ziliimba nje, chini ya maturubai, mbele ya umati wa watu waliotoka pande zote za Bunda. Buhare walipangwa karibu na mwisho. Clementi alipogeuka kuwasalimia watazamaji kabla ya kuanza, alimwona Wankyo.

Hakujua kwamba angekuwepo. Baada ya msiba Wankyo alikwenda kukaa kwa dada yake, mtaa wa Nyasura, palepale Bunda, na aliposikia kwamba kwaya ya shemeji yake inakuja, alipika. Alikuwa amekaa mstari wa mbele katika nguo nyeusi iliyopauka, na miguuni pake palikuwa na beseni lililofunikwa kwa kanga: ugali wa mtama na samaki aina ya sato, chakula cha kuwalisha waimbaji. Alimpungia mkono Clementi.

Clementi angeweza kubadilisha wimbo. Walikuwa na mwingine waliouzoea. Alisimama pale mikono imeinuliwa, na waimbaji walikuwa wamekwisha kuvuta pumzi wakimngoja. Akaishusha mikono, na ubeti wa kwanza ukaanza.

Walipofika kwenye kiitikio hakugeuka nyuma, lakini aliona uso wa mke wake. Dafroza alikuwa anaimba huku anatazama kitu nyuma ya mume wake, na pale sauti iliporuka juu, ya kwake ilikatika. Alikuwa amekumbuka alikoisikia. Wengine waliifunika ile sauti yake iliyokatika, wimbo ukaenda mpaka mwisho, na makofi yakalipuka kama mvua juu ya bati.

Clementi alipogeuka kuinama, kiti cha Wankyo kilikuwa kitupu. Beseni lilikuwa bado pale.

Walishinda. Zawadi ilikuwa jora zima la kitambaa cheupe, kutosha kushonea kwaya nzima sare, katika wakati ambao watu walikuwa wanageuza makoti nje ndani. Akina mama walilikumbatia lile jora, wakalipokezana, wakapiga vigelegele. Clementi aliligusa mara moja tu. Alifikiria blanketi la kijivu lenye tundu, akauondoa mkono wake.

Hakumwambia mtu anakokwenda. Dafroza peke yake ndiye aliyemwona akiondoka, na hakumwuliza. Alimpa beseni alichukue.

Wankyo alikuwa nyuma ya nyumba ya dada yake, amekaa kwenye kigoda, anachambua pamba iliyoanikwa juu ya mkeka: nyeupe huku, yenye madoa kule. Clementi alimwamkia, akaweka beseni chini, akakosa pa kuweka mikono yake. Walizungumza Kizanaki, lugha ya nyumbani, ambayo haikumpa Clementi mahali pa kujificha kama Kiswahili cha shuleni.

Alianza kwa kusema kwamba hawakumwona akiondoka, kwamba chakula kilikuwa kitamu. Hapakuwa na mtu aliyekionja, na beseni lilikuwa palepale, limejaa.

"Shemeji," Wankyo alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye pamba, "ile ni sauti yangu."

Clementi alitazama beseni.

"Sikujua kwamba ndivyo nilivyolia. Mtu hajisikii. Leo nimejisikia." Alitoa jani kavu kwenye pamba akalitupa. "Mimi nililia mara moja. Nyinyi mnalia kwa sauti yangu kila siku, na mnapigiwa makofi."

Clementi alipiga magoti pale kwenye vumbi. Alijieleza hovyo hovyo: kwamba alikuwa ametafuta miezi mingi, kwamba hakuiita, ilikuja yenyewe, kwamba hakutaka. Wankyo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo Clementi hakulitegemea.

"Nilikuona ukitabasamu."

"Uliniona?"

"Nilikuwa magotini, uso wako ulikuwa mbele yangu. Nilidhani uchungu umekuvuruga akili. Nilikuonea huruma. Shangazi Justina alipoanza kukusema jikoni, nilimkatalia mbele ya watu. Nilimwambia, yule amempoteza kaka aliyemlea, mwacheni, kila mtu ana namna yake ya kulia." Sasa alimtazama. "Nilikutetea, shemeji. Mume wangu hajapoa kaburini, nikatumia nguvu zangu kukutetea."

Mtu akitukanwa anaweza kukasirika, na hasira humsaidia kusimama. Clementi hakupewa msaada huo. Alibaki magotini, akiona pamba safi ikirundikana upande mmoja, na alitamani ardhi ya Nyasura impokee. Alimwuliza anataka afanye nini. Auache wimbo? Leo hii angeuacha.

Wankyo aliweka pamba chini.

"Utauachaje? Kwaya zote zilizokuwa pale zimeuchukua. Nimesikia wasichana wanauimba njiani nikirudi." Akarudia kuchambua. "Sema tu ulikoutoa. Usiseme kwamba ulishuka mbinguni. Haukushuka. Ulitoka hapa." Aligusa koo lake.

Jioni ile kwaya ilipokusanyika kuondoka, jora la kitambaa likiwa limefungwa juu ya lori, Clementi aliwaambia. Aliwaambia waziwazi: kaburi, tabasamu, zizi, uongo wa maombi. Hakuna aliyemfokea. Ingekuwa afadhali wangemfokea. Kasmiri, ambaye alikuwa amewasimulia watu wa parokia nzima juu ya maombi yale, alipanda lori, akakaa mbele kabisa akimpa mgongo. Akina mama wa sauti ya pili walitazama chini, kama yeye alivyokuwa akitazama sakafu siku za sukari yao. Walisafiri hivyo mpaka Musoma. Sare zilishonwa, lakini wimbo ule kwaya ya Buhare haikuuimba tena. Hawakukatazana. Kila mtu alingoja mwingine auanzishe, na hakuna aliyeuanzisha.

Kwingine uliendelea. Ulivuka ziwa, ukaimbwa Ukerewe, ukaimbwa Tarime. Miaka michache baadaye biashara ilifunguliwa, maduka yakajaa, na sokoni Musoma pakawa na mitumba iliyorundikwa kama vichuguu na kanda za muziki zinazopigwa tangu asubuhi. Clementi alikuwa amekwenda kumtafutia Dafroza viatu. Kwenye kibanda cha kanda aliisikia: magitaa mawili, ngoma, mwanamume mwenye sauti laini akimlalamikia msichana aliyemwacha, na kiitikio kinashuka ngazi tatu, kinatulia, kinaruka. Vijana walikuwa wanacheza. Muuzaji alimwuliza kama anataka kununua, akisema huo ndio unaotoka sana. Clementi aliondoka bila viatu.

Kwa muda wote huo hakutunga kitu. Haikuwa kwamba sauti hazikuja. Zilikuja. Akiwa anakata kuni, akiwa anasahihisha madaftari, akisikia mwanamke anamwita mtoto wake ng'ambo ya shamba, kitu kilianza kuchipua, naye akaziba masikio kama mwizi aliyesikia mbwa. Alikuwa anajilinda mno. Na akijilinda hivyo akatambua, pole pole, jinsi jambo lile lilivyotokea siku ile. Hakukipata kile kiitikio kwa sababu ya kujikaza, wala hakukipata bila kujikaza. Alikuwa amejijaza ule wimbo mpaka shingoni, miezi mingi, mpaka kila kitu kilichopita mbele yake kiligongana nao. Kisha msiba ukaja ukamnyang'anya akili. Aliuacha wimbo, kwa mara ya kwanza aliuacha kabisa, hakuwa na habari nao. Na akiwa ameuacha, mlango ukiwa hauna mlinzi, sauti ya Wankyo ikapita.

Aliyajua hayo na hakuwa na raha nayo. Kujua jinsi mwiba ulivyoingia si kuutoa.

Parokia ilipomwomba tena awafundishe walimu wa kwaya, safari hii Butiama, alikataa mara ya kwanza. Dafroza ndiye aliyemwambia kwamba kukataa nako ni kujificha. Alikwenda. Walikuwa wamejaa ukumbi, wengi vijana, na baadhi walikuwa na vinasa sauti vidogo vilivyoletwa na biashara huria. Mniko wa Manyamanyama alikuwepo, sasa mtu mzima mwenye kitambi, amekaa katikati. Clementi aliwaeleza yote tangu mwanzo, hatua kwa hatua, bila kujipunguzia. Alimtaja Wankyo kwa jina, baada ya kumwomba ruhusa. Alipofika kwenye maneno aliyoyasema Bunda juu ya kufunga na kuamka alfajiri, alimtafuta Mniko kwa macho ili amwombe radhi. Mniko alikuwa amesimama. Alisema kwamba ameyafuata maneno yale miaka yote, ameyafundisha kwa kwaya yake, amelala njaa kwa ajili yake. Kisha akachukua kofia yake akatoka. Hakurudi.

Walipotawanyika, mwalimu mmoja alibaki, msichana mrefu kutoka shule ya Kiabakari, jina lake Jeska. Alisema yeye hakuja kusikiliza habari za dhambi, alikuja kwa sababu ana wimbo uliokwama.

"Sasa mtu afanyeje?" aliuliza. "Aende akakae msibani?"

Clementi karibu acheke, na kicheko kilimwuma. Alimwambia kwanza afanye kazi, kazi kwelikweli, mpaka wimbo umchoshe, kwa sababu asiyekuwa na swali hasikii jibu hata likipita. Halafu auache. Aende akapalilie, akateke maji, akalale mchana, akae na watu ambao hawajui kama anatunga, asiwe anauchungulia kila mara kama mama anayefunua chungu. Masikio ayaache wazi.

"Nikisikia?"

"Ukisikia, uliza ni ya nani. Kabla ya kutabasamu."

Jeska alisema kuuliza huko kunaweza kuipoteza sauti yenyewe. Clementi alikubali kwamba inaweza. Alisema hana dawa ya hilo, na kwamba yeye, hata leo akirudishwa pale, hana hakika kwamba asingekimbilia nyuma ya zizi.

Yule msichana alimwangalia kana kwamba anapima kama jibu hilo linafaa kitu. Kisha akauliza, kwa upole, shemeji yake anausikiaje ule wimbo siku hizi, maana unapigwa kila mahali, mpaka kwenye magari.

Clementi alisema kwamba Wankyo amerudi Butiama, analima shamba la marehemu, na kila msimu wa palizi yeye na Dafroza huja kumsaidia. Hula pamoja. Huzungumza habari za mvua, za bei ya pamba, za wagonjwa. Mwaka jana, wakiwa shambani, redio ya jirani iliupiga, na Wankyo aliendelea kulima bila kusita, wala hakuinua kichwa mpaka ulipoisha.

"Na wewe?"

"Nilikuwa mstari wa pili, nyuma yake," alisema Clementi. "Sikuthubutu kumsogelea nimwone uso."